Kabla ya Kuweka Dole Gumba: Haki za Mtuhumiwa Anapoandikwa Maelezo

Tuchukue mfano wa mkulima wa pamba wa Itilima anayetuhumiwa kuiba ng'ombe. Anafikishwa kituo cha polisi Bariadi, anahojiwa, kisha anatakiwa kuweka dole gumba kwenye karatasi. Anadhani anathibitisha tu kwamba alihojiwa. Miezi kadhaa baadaye karatasi hiyo inasomwa mahakamani: ni maelezo ya onyo, na ndani yake amekiri kosa.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka ofisa wa polisi amweleze mtuhumiwa kosa analotuhumiwa kwa lugha anayoimudu vema. Kwa wazee wengi wa Simiyu lugha hiyo ni Kisukuma; kuitikia "ndiyo" kwa Kiswahili si ushahidi kwamba mtu ameelewa. Mtuhumiwa aombe mkalimani. Aonywe pia kwamba halazimiki kujibu, na kwamba atakayoyasema yaweza kutumika dhidi yake. Ana haki ya kuomba kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Maelezo yakishaandikwa, asomewe yote na kusahihishiwa yasiyo sawa kabla ya kutia saini au dole gumba.

Muda nao una kikomo. Mahojiano hufanyika ndani ya saa 4 tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, bila kuhesabu safari ya kumpeleka kituoni. Msimamizi wa upelelezi aweza kuongeza muda usiozidi saa 8. Kwa hiyo familia iandike saa aliyokamatwa ndugu yao; kipande hicho cha karatasi kimewahi kuonekana kidogo, lakini wakili atakiulizia kwanza.

Mahakamani, wengi hukosea wakati. Upande wa mashtaka unapoomba maelezo yapokelewe kuwa kielelezo, hakimu humuuliza mshtakiwa kama ana pingamizi. Hapo ndipo pa kusema: niliteswa, niliahidiwa kuachiwa, au sikuyatoa. Mshtakiwa akidai hakuyatoa kwa hiari, mahakama husimamisha kesi ya msingi na kuchunguza dai hilo, na ni Jamhuri inayopaswa kuthibitisha hiari. Tangu shauri la Robinson Mwanjisi na wenzake dhidi ya Jamhuri, msimamo wa Mahakama ya Rufani ni kwamba waraka hausomwi kabla haujapokelewa. Anayesubiri hadi zamu yake ya kujitetea huwa amechelewa.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili amweleze hakimu mapema; Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamruhusu hakimu kuelekeza apatiwe msaada huo.