Namna ya Kutengeneza Nyumba ya Kwanza kwa Fedha Kidogo

Watu wengi wanapoanza nyumba huanza na viti. Kaka yangu naye alifanya hivyo, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemsaidia kuviingiza viti vile, na mimi tena niliyemsaidia kuvitoa, nadhani naweza kuwaeleza wasomaji jambo hili.

Kaka alijenga nyumba yake hapa Omugo kwa matofali mabichi na paa la nyasi. Baada ya kumaliza mahari alibakiwa na shilingi 430,000. Akaenda Arua, akapenda makochi ya shilingi 450,000, akatoa 200,000, akakubali kulipa 50,000 kila mwezi. Alipokwisha kulipa miezi miwili alizitazama fedha zake: 130,000, na nyumba haina hata kitanda, na bibi arusi anakuja baada ya wiki tatu. Basi akaomba kuvirudisha viti. Tulipoinua kochi kubwa, tuliona miguu ya nyuma imeliwa na mchwa. Mwenye viti alivichukua, lakini hakurudisha hata senti moja. Kaka hakusema neno siku nzima.

Jumapili iliyofuata tulipita kwenye makazi ya wakimbizi. Wasomaji wa mbali wafahamu kwamba tangu mwaka 2017 watu wengi wa Sudan Kusini wamekaa hapa Omugo, kila jamaa wakipewa kiwanja cha mita 30 kwa 30, na kuanza maisha kwa miti na turubai. Tuliomba maji kwa mama mmoja, akatukaribisha ndani. Nikatafuta kiti kwa macho, nisikione. Akasema, "Kaeni, wanangu," akionyesha baraza ya udongo iliyoshikamana na ukuta, imesiribwa laini, na juu yake mkeka. Ukutani palikuwa na mistari myeusi na myekundu. Kaka, ambaye husikia Kiarabu cha Juba kwa sababu alipakia mizigo Koboko, alimwuliza gharama yake. Mama akacheka: "Maji tu, mwanangu, na mgongo."

Njiani kaka aliniambia, "Kesho tutaanza na sakafu."

Sakafu ndiyo kazi kubwa, nami nitaieleza zaidi. Tulitindua ya zamani, tukafuata njia za mchwa mpaka tukazifikia, tukashindilia udongo mkavu kwa gogo. Kisha tulichukua udongo wa kichuguu kilichohamwa, tukautwanga, tukachanganya na samadi mbichi ya ng'ombe na maji, tukauacha usiku kucha. Mara ya kwanza sakafu ilipasuka nyufa kama ardhi ya kiangazi, maana udongo wa kichuguu ukiwa peke yake hunywea sana ukikauka. Mama yetu alipoona alituambia tuongeze mchanga. Tulijaribu vipimo kadhaa penye kipande kidogo nyuma ya nyumba, na kilichotufaa ni ndoo mbili za udongo kwa moja ya mchanga. Kwenu huenda kikawa kingine, basi jaribuni kwanza pembeni. Pakeni tabaka jembamba, liache likauke, ndipo mpake la pili. (Wavulana wenzangu walinicheka kuniona nasiriba, kwa kuwa kwetu hiyo ni kazi ya wanawake. Walionicheka hawajawa na nyumba.)

Kwa udongo uleule tulijenga baraza kando ya ukuta, urefu wa kukaa watu watatu.

Rangi za ukuta hazikununuliwa. Nyeupe ni udongo mweupe wa kijitoni, nyekundu ni udongo wa njiani uliochungwa, na nyeusi ni mkaa uliosagwa. Wako watu wanaovunja betri za tochi wapate unga mweusi. Nawasihi msifanye hivyo, maana ndani yake mna dawa zenye sumu, na watoto hugusa kuta kisha hutia vidole kinywani.

Katika kitabu cha maktaba yetu nilisoma kwamba nyumba za kale za Lamu zina zidaka, yaani vishimo vya mraba ukutani, ambamo wenyeji waliweka sahani na bakuli za kigeni. Nikamwambia kaka kwamba ukuta wetu ni mnene, nasi twaweza kuchonga. Tulichonga vitatu, kila kimoja kina cha nusu tofali tu, mbali na mlango na dirisha ili tusiudhoofishe ukuta. Hivyo tukapata kabati bila ubao.

Kitanda tulikiunda kwa mikalitusi ya baba. Miguu tuliipaka oili chafu ya gari, tukaisimamisha juu ya mawe bapa, ili mchwa akipanda aonekane. Godoro ndilo lililomeza fedha, 75,000, na sioni aibu kwa hilo, kwa sababu godoro halitengenezwi kwa udongo. Mikeka miwili ya mafunjo 20,000, kitambaa cha pazia 15,000, misumari 5,000, na zile 15,000 za mwisho zikanunua birika na vikombe sita. Chandarua alikuwa nacho tayari cha ugawaji wa serikali. Chungu cha maji alitoa mama. Tulikiweka pembeni juu ya mchanga, nacho hupoza maji vizuri kwa sababu hutoa jasho.

Shemeji alifika Jumamosi pamoja na mama yake. Kaka alisimama nje, mikono nyuma, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Mama mkwe aliingia, akaikanyaga sakafu kwa kisigino mara mbili, akakaa barazani, akaomba maji. Shemeji alipanga vikombe sita katika kidaka cha katikati. Kesho yake asubuhi alifuta maua niliyochora karibu na mlango, akachora yake.