Jeraha Linapopewa Vina: Somo kutoka Pemba

Masomo: Zab 88, Omb 3, Yn 20:19-29



Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Mv Spice Islander I, iliyotoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza watu na mizigo kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Mamia walikufa, na wengi hawakuonekana tena. Familia nyingi za Pemba zikakaa matanga bila maiti ya kuosha na bila kaburi la kuzuru.

Tunaanzia hapo kwa sababu maneno tuliyozoea kuyasema msibani hayalifikii jeraha la namna hiyo. Tunasema, "Kazi ya Mungu haina makosa," tunatoa rambirambi, tunaondoka. Neno hilo si baya. Mfiwa akilisema mwenyewe, ni imani. Tukimtangulia kulisema sisi, tunaweza kuwa tunamziba mdomo.

Kanisa halituzibi mdomo. Kila Ijumaa, katika Sala ya Mwisho, tunasali Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka njiani zikawa shukrani, hii haigeuki. Inaishia gizani. Kanisa halikuiondoa wala kuirekebisha, linaweka tu "Atukuzwe Baba" mwishoni kama lifanyavyo kwa zaburi nyingine. (Nasi, tukubali, tunaisali mbiombio tukalale.) Mzaburi huyu hajapata jibu lolote, lakini hajaacha kusema na Mungu. Maana ya Kikristo ya jeraha inaanzia hapo, katika kuendelea kusema naye.

Kitabu cha Maombolezo kinatuongeza jambo. Yerusalemu imeteketea, watoto wanakufa kwa njaa, na mwombolezaji anakaa chini kutunga beti zinazofuata herufi 22 za Kiebrania, moja baada ya nyingine. Sura ya tatu inazipa kila herufi aya tatu, jumla 66. Kwa nini mtu aliyevunjika ajisumbue na kazi hiyo? Tunadhani ni kwa sababu uchungu hauna mwisho wake wenyewe. Mwenye uchungu ama husema bila kikomo ama hunyamaza kabisa. Herufi zilimpa pa kuanzia na pa kukomea.

Wapemba wangemwelewa haraka. Washairi wa pwani nao walitunga kwa kufuata herufi za Kiarabu, na katika shairi la vina na mizani huwezi kumwaga maneno yakaenda popote. Kila mshororo unakulazimisha uchague neno moja uliache jingine. Pemba ilikuwa na mabingwa wa kazi hiyo, Kamange na Sarahani, walioishi karne ya 19 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mashairi yao yalichapishwa Dar es Salaam katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba, mwaka uleule wa 2011. Walikuwa Waislamu, na si haki kuwabatiza katika makala yetu. Tunawasoma kama wao, kwa heshima ile ile tunayompa jirani anapotukaribisha barazani.

Jambo moja la desturi yao linatufaa sana sisi tunaojiandaa kwa uchungaji. Shairi la pwani hutumwa, nalo hujibiwa, na mara nyingi anayejibu hufuata vina vya aliyeanza. Hawezi kujibu kabla hajasikiliza mwenzake aliishia na sauti gani. Ni mapadre wangapi tunajibu kwa vina vyetu wenyewe?

Papa Fransisko aliandika barua kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi, Julai 17, 2024. Awali aliwakusudia wanaolelewa kuwa mapadre, kisha akaona inawahusu Wakristo wote. Anakumbuka alivyofundisha fasihi katika shule ya Wajesuiti huko Santa Fe, Argentina, mwaka 1964 na 1965. Anasisitiza kwamba kusoma hutufundisha kusikiliza sauti ya mtu mwingine. Seminari inayoona ushairi kuwa mapambo ya sikukuu ya somo wake ingefaa iisome barua hiyo.

Sanaa ya mikono nayo hufanya kazi hiyo. Watumwa walilima mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba hadi utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na Waanglikana wakajenga kanisa kuu mahali pale. Karibu nalo kuna sanamu za Clara Sörnäs, za mwaka 1998: watu wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni. Hakuna malaika anayewashukia. Msanii hakuharakisha kuwatoa shimoni, na ni vizuri hakufanya hivyo.

Ndivyo tunavyomwona Mfufuka katika Injili ya Yohane. Milango iliyofungwa haimzuii, kifo hakimwezi tena, lakini alama za misumari zipo. Angeweza kuja na mwili usio na kovu. Badala yake anawaonyesha wanafunzi mikono na ubavu, na Tomaso anamtambua kwa majeraha hayo. Haina maana kwamba msalaba ulikuwa mzuri, wala kwamba Mungu alitaka meli izame ili sisi tupate somo. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Salvifici Doloris ya mwaka 1984, anafundisha kwamba Kristo hatupi maelezo ya jumla kuhusu sababu za mateso. Anaita tumfuate, na jibu huja polepole njiani.

Kazi ya wiki hii. Ijumaa, baada ya Sala ya Mwisho, andika ubeti mmoja wa mishororo minne, mizani 8 kila mshororo, ukimwambia Mungu jambo moja linalokuuma. Usitie faraja ambayo hujaipata. Jeraha likiwa zito kiasi cha kukunyima usingizi au chakula, ubeti hautoshi. Mwone mlezi wako, na mshauri nasaha pia. Hatutakusanya kazi hizi wala kuzisoma darasani. Ukitaka, mwonyeshe mlezi wako wa kiroho. Usipotaka, ikunje karatasi uiweke ndani ya kitabu cha sala, penye Zaburi ya 88.