Je, Mbu Wamezoea Dawa?

Katika nyumba nyingi wazazi husikika wakisema, "Mbu wa siku hizi wamezoea dawa." Mama hutandaza chandarua jioni; asubuhi humkuta mbu, tumbo limejaa damu, ametua juu ya nyuzi zenye dawa wala hafi. Mwishowe chandarua huondolewa kitandani kikazungushiwa bustani ya mchicha. Kosa hilo lina mzizi wake katika neno "kuzoea", nalo yafaa tulitazame.

Mtu huweza kuzoea tumbaku. Mbu hazoei sumu kwa namna hiyo, kwani maisha yake ni ya majuma machache tu. Katika maelfu ya mbu wa kijiji kimoja, wachache huzaliwa na maumbile ya pekee: wengine mishipa yao ya fahamu haishikwi sawasawa na dawa, wengine miili yao huivunja sumu kabla haijawaua. Dawa basi hufanya kazi ya chekecheo. Dhaifu hufa, wale wachache hubaki, hutaga mayai, na wazao wao huurithi ugumu huo. Miaka ikipita, wachache wamekuwa ndio wengi. Ni sisi tuliowachagulia mbegu!

Jambo hili si geni. Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani lilianza vita vya kuifuta malaria, silaha kuu ikiwa DDT. Mwaka 1969 likaiacha shabaha hiyo, na usugu wa mbu ulikuwa mojawapo ya sababu. Baadaye zikaja pirethroidi, dawa zilizoigwa kutoka katika sumu ya maua ya pareto, yale tuyalimayo wenyewe katika nyanda za juu. Kwa miaka mingi vyandarua vilitiwa dawa hizo peke yake. Tena pamba na mboga zilipuliziwa dawa za jamaa hiyohiyo, mvua ikazikokota hadi madimbwini, hata kiluwiluwi akaonja sumu kabla hajaota mabawa.

Wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, vyandarua vya aina mbalimbali viligawiwa mwaka 2019 ili vipimwe. Baada ya miaka miwili, palipotumika pirethroidi peke yake, watoto wapatao 46 katika kila 100 waliopimwa walikutwa na vimelea vya malaria. Palipoongezwa klofenapiri, wapatao 26. Dawa hii haitegemei mishipa ya fahamu. Huharibu pale mwili wa mbu unapojipatia nguvu, na kinga yake ya zamani humwacha mikono mitupu. Mwaka 2023 Shirika hilo lilishauri vyandarua hivyo vitumike penye mbu sugu. Hata hivyo klofenapiri nayo ni chekecheo.

Na mama mwenye chandarua cha zamani afanyeje? Maadamu ni kizima, nyuzi zenyewe humzuia mbu, hata sumu ikiwa imelegea. Penye tundu ndipo pana hatari, kwa maana mbu sugu hupenya bila kudhurika. Alishone tundu leo, akichomeke chandarua chini ya godoro kabla ya kulala. Akikifua, akianike kivulini, kwa kuwa jua hupunguza nguvu ya dawa.