Makala inasifiwa, dagaa hawanunuliwi

Swali: Nauza dagaa mtandaoni nikiwa Magu. Makala zangu za Facebook zinasifiwa, lakini oda haziji. Nakosea wapi?

Jibu: Ndugu yangu, "dagaa bora kabisa" kila muuzaji anaandika. Mnunuzi wa Dodoma anachoogopa ni mchanga, basi anzia hapo. Eleza kwamba dagaa wako wameanikwa kwenye chanja, si chini, kama ndivyo ilivyo, na uweke picha ya chanja yenyewe. Mvua ikifululiza wasikauke vizuri, sema pia. Mteja atakuamini zaidi. Kisha taja bei ya kilo, siku ya kuwapakia kwenye basi, na nani analipia usafirishaji. Hii tabia ya "bei njoo inboksi" inafukuza watu. Mada ya makala ijayo? Swali ambalo wateja wanakupigia simu kuuliza kila wiki.