Kabla ya kulipia programu ya ghala, uliza inavyojengwa

SOMO LA WIKI: Mfanyabiashara wa mahindi wa Songea anapoagiza programu ya kompyuta ya kuhesabu magunia na madeni, kwa kawaida hutazama madirisha na vitufe vyake, akaridhika, akalipa. Msimu unaofuata kodi inabadilika, programu inahitaji kurekebishwa, na fundi aliyeiandika kesha hamia Dar es Salaam. Fundi mwingine akiitwa anakuta hakuna pa kuanzia.

Madirisha hayo ni nadra kubuniwa na fundi mwenyewe. Huchukuliwa kwenye maktaba kubwa zilizo tayari, kama vile Qt, iliyotolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 1995 na kampuni ya Trolltech ya Norway.

Lakini Qt haiunganishwi na kazi ya fundi kwa kuwekwa kando yake tu. Fundi huandika kwa lugha ya C++. Kisha programu ndogo iitwayo moc husoma maandishi yake na kuandika mengine ya ziada, yanayowezesha kitufe kikibonyezwa kutoa habari kwa sehemu nyingine. Ndipo yote huenda kwa kompaila. Ni kama mashineni: mahindi ya sembe hukobolewa kwanza, ndipo yasagwe. Hatua ya moc ikirukwa, kazi hukwama mwishoni kabisa, wakati wa kuunganisha vipande, kwa ujumbe unaolalamikia kitu kiitwacho vtable bila kuitaja moc hata kidogo. Mafundi wengi wamekesha kwa sababu hiyo.

Mpangilio wa hatua hizo huandikwa katika faili la ujenzi. Qt ilikuwa na mfumo wake, qmake, ambao bado unafanya kazi. Hata hivyo toleo la 6, la Desemba 2020, lenyewe hujengwa kwa CMake, mfumo ulioanza mwaka 2000 katika kampuni ya Kitware ya Marekani. Fundi akiwasha AUTOMOC katika faili la CMakeLists.txt, CMake hutafuta yenyewe panapohitaji moc na kurudia palipobadilika tu.

Kuna na suala la gharama. Kwa wenye Windows, Qt 6 hutaka Windows 10 au mpya zaidi. Mwenye kompyuta ya Windows 7 ama atajengewa kwa Qt 5, ama atanunua kompyuta nyingine. Aidha, tangu mwaka 2009 sehemu kubwa ya Qt hupatikana pia kwa leseni ya LGPL, isiyo na ada ila yenye masharti. Ankara ikitaja "ada ya Qt", muuzaji aonyeshe leseni aliyoilipia.

Mkataba utaje maandishi ya programu, faili la ujenzi na namba ya toleo la Qt. Malipo ya mwisho yasubiri hadi programu ijengwe upya, mbele ya mnunuzi, kwenye kompyuta isiyo ya fundi, kisha ifunguliwe kwenye nyingine isiyo na zana zozote. Mara nyingi ni hapo mafaili ya Qt yaliyosahauliwa hugundulika.