Kusubiri majibu ya uzamili

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, Muleba. Nimeomba uzamili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere. Kila saa nafungua barua pepe, usingizi sipati. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, kimya cha vyuo hivyo si kukataliwa. Maombi ya uzamili hujadiliwa kwanza kwenye idara, kisha hupanda ngazi za juu, na vikao havikai kila wiki. Fungua barua pepe mara moja tu, jioni. Mchana shughulikia ruhusa ya masomo kwa mwajiri, maana wengi huikumbuka wakiwa wameshachelewa. Kagua pasipoti: Makerere iko Kampala, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula. Na leo hii waulize wadhamini wako kama wametuma barua zao. Barua moja ikikosekana, maombi yanaweza kukwama.