Mtumishi au Rasilimali? Nafasi ya Kiswahili katika Upangaji wa Watumishi wa Umma: Mfano wa Chepsaita

Istilahi ‘rasilimali watu’ imeenea katika ofisi za umma, ikishindana na ‘utumishi’. Tofauti yake si ya msamiati tu. Rasilimali, neno lenye asili ya Kiarabu, ni mtaji. Mtumishi hutokana na kitenzi ‘tuma’ (ambacho, inafaa ikumbukwe, ndicho kilichozaa pia ‘mtumwa’). Istilahi ya kwanza humtazama mfanyakazi kwa jicho la mwajiri, ya pili kwa jicho la anayehudumiwa. Usimamizi wa kimkakati, yaani kupanga idadi, ujuzi na vituo vya watumishi kulingana na malengo ya muda mrefu, unahitaji macho yote mawili.

Tuchukue Chepsaita, katika eneo la Turbo, Kaunti ya Uasin Gishu. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, zahanati na huduma za ugani wa kilimo zimo mikononi mwa kaunti. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinaitaka bodi ya utumishi izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini ziwaendee watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa. Katika kaunti iliyoumizwa na ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, kifungu hicho si pambo.

Hata hivyo, sheria humfikisha mtumishi kituoni tu. Muuguzi aliyezaliwa Kisii atamwelezaje bibi wa Chepsaita, mzungumzaji wa Kinandi, namna ya kumeza dawa za shinikizo la damu? Kiingereza alichosomea hakimfai hapo. Kinachobaki ni Kiswahili, lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi kwa mujibu wa ibara ya 7 ya Katiba ya 2010. Lakini Kiswahili cha mtaani hakitoshi kutofautisha ‘kutwa mara mbili’ na ‘viwili kwa mara moja’, na kosa hapo ni la uhai. Afisa wa ugani naye huhitaji kutenganisha mbolea ya kupandia na ya kukuzia kabla mvua haijapita.

Mpango unaohesabu vyeti bila kupima lugha ya kazi umemhesabu mtumishi nusu. Hapa ndipo idara za Kiswahili zinapoweza kuchangia: kuandaa mafunzo mafupi ya Kiswahili cha zahanati na cha shambani kwa waajiriwa wapya, yakitungwa pamoja na wauguzi, maafisa wa ugani na wanakijiji wenyewe.